Viumbe vidogo: siku tatu Amani, picha 1,140, zilizofaa 23

Mwl Kiwavi

Wakuu, habari za jioni.

Muda mrefu nimekuwa mtu wa kusoma na kupita humu, leo nami natandika mkeka. Mimi ni mwalimu, makazi Tanga mjini. Likizo hii nilifunga begi nikapanda Amani, Usambara Mashariki, siku tatu, kwa kazi moja tu: kupiga picha vitu vidogo. Ndege wa kuenea kiganjani, wadudu, vinyonga. Simba na tembo wana watu wao wenye magari ya kufunguka juu. Mimi nina bodaboda ya kukodi kutoka Muheza na mgongo unaouma.

Vifaa nitaje mapema maana najua mtauliza. Nikon ya zamani niliyoipata kwa mtu Kariakoo, lenzi ya milimita 70-300 na nyingine ya 50 ya kawaida. Tochi ya kichwani. Gambuti. Mwavuli, ambao ulinifaa kuliko vyote hivyo.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilianzia Zigi, pale getini penye kituo cha zamani cha reli ya Mjerumani, nikapandisha kwa miguu kuelekea Amani huku nakimbiza kila mlio. Ndege analia kulia, nageuka. Hondohondo anapita juu na ule mvumo wa mbawa, nainua kamera, keshapita. Jioni nikahesabu picha mia nne na ushee, karibu zote matako ya ndege kwenye anga jeupe. Msitu wa kule ni mrefu na maua mengi yako juu kabisa. Ukielekeza kamera mbinguni, inahesabu mwanga wa mawingu, ndege anatoka mweusi kama mkaa.

Siku ya pili mwongozaji wangu, kijana wa pale pale, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, unatafuta ndege au unafanya mazoezi ya mbio?" Akanipeleka kwenye ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, akanionyesha kichaka chenye maua, kimo cha mtu, akasema kaa hapa. Nikakaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne.

Hapo ndipo akili iliponikaa sawa. Chozi ana zamu zake. Anakunywa ua hili na lile, anaondoka, halafu baada ya dakika kadhaa anarudi kwa njia ile ile, kwa sababu ua nalo linataka muda kujaza tena maji yake matamu. Kufikia mzunguko wa nne nilishajua atatua wapi. Nikaacha kumfuata yeye, nikalenga ua, fokasi nikaifunga pale, kasi 1/1600 ya sekunde, nikasubiri. Na kwa kuwa kichaka kilikuwa kimo changu, nyuma ya ndege palikuwa na majani ya mbali badala ya mawingu.

Kereng'ende kwenye kidimbwi naye ni vivyo hivyo. Akiruka usimfuate. Sogea hatua mbili wakati hayupo, ganda, utamwona anarudi kwenye kijiti kile kile.

Nimeweka tano kati ya zile 23. Picha 1, kereng'ende mwekundu. Picha 2, chozi, nadhani ndiye yule chozi wa Amani mwenyewe, wajuzi wathibitishe. Picha 3, vunjajungu mwenye umande. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini, bado ana baridi, unamsogelea hadi unamwona anavyokutazama. Picha 4, kinyonga wa pembe tatu usiku juu ya ua jekundu. Hii ndiyo naipenda, nimeiweka hadi kwenye kioo cha simu. Picha 5, jongoo, msinicheke.

Naomba kuwasilisha.

mpitanjia

Nakaa siti ya mbele. Ila samahani, chozi ndiye nani? Mimi najua chozi la jicho tu.

BintiPangani

@mpitanjia ni kale kadege kenye mdomo mrefu uliopinda kanakonyonya maua. Dume linang'aa kama oili iliyomwagika kwenye dimbwi la gereji. Wengi humchanganya na wale ndege wavumaji wa Amerika, lakini wale hunywa wakielea hewani. Chozi wetu kwa kawaida hushika kijiti kwanza ndipo anywe, na hiyo nusu dakika ya kushika kijiti ndiyo riziki ya mpiga picha.

Mwalimu, hongera, picha 3 ni tamu sana. Sasa hiyo picha 2, tumbo lake rangi gani? Kwenye simu yangu naona njano.

Mwl Kiwavi

Njano, ndiyo. Nilijua ni mwanga wa asubuhi.

BintiPangani

Siyo mwanga, pole. Chozi wa Amani dume ana tumbo jeupe, kichwa na koo vyeusi vyenye mng'ao wa kijani, na vishungi vya rangi ya chungwa pembeni mwa kifua ambavyo mara nyingi havionekani. Tena hupenda vilele vya miti, ndiyo maana picha zake ni chache. Huyo wako ana mgongo wa kijani, mstari mwembamba wa zambarau kifuani kama kola, chini njano. Ni chozi wa kawaida kabisa. Yuko hadi kwenye bustani za Dar.

Mwl Kiwavi

Kwa hiyo nimepanda mlima kwa bodaboda, nikapanga chumba, nikamlipa mwongozaji, ili nimpige picha jirani yangu wa Tanga.

mpitanjia

😂😂😂 Mwalimu, chozi limekutoka.

Bwana Lenzi

Tuseme ukweli bila kuoneana haya. Ndege wadogo na milimita 300 ni kujitesa. Chukua 150-600 hata iliyotumika, hutahesabu tena matako. Huo ndio mwanzo wa mazungumzo, mengine ni hadithi za kujifariji.

BintiPangani

Bwana Lenzi, hiyo lenzi ina karibu kilo mbili na bei yake ni pikipiki. Halafu ile Nikon yake ya sensa ndogo (kile kibati cha ndani kinachopokea picha) inaifanya 300 ione kama 450. Chozi wake amejaa fremu. Tatizo lake siku ya kwanza lilikuwa miguu, si milimita. Angekuwa na 600 angerudi na matako makubwa zaidi.

Bwana Lenzi

Hapo kwenye miguu nakubali. Lakini subiri msitu wenyewe, saa kumi na moja jioni, giza chini ya miti, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) imepanda hadi 6400 na picha imejaa chenga kama runinga ya antena. Hapo ndipo utanikumbuka. Kwenye msitu pesa ya lenzi si urefu, ni upana wa tundu lake la kupitishia mwanga.

Fundi Saa

Mimi niongee upande wa wadudu, maana huko hakuna haja ya kuuza pikipiki.

Mwalimu, ile lenzi yako ya 50 igeuze. Ndiyo, kinyumenyume. Kuna ringi ya kufungia lenzi upande wa mbele kwenye kamera, bei yake ni ndogo sana. Lenzi iliyogeuzwa inakuwa kioo cha kukuzia, utamwona sisimizi ana nywele. Kamera haitazungumza tena na lenzi, kwa hiyo kila kitu ni kwa mkono. Tafuta 50 ya zamani yenye ringi ya tundu, vinginevyo utahangaika kulifunga na kulifungua.

Na sahau kuzungusha fokasi. Kwa ukubwa huo, sehemu inayokuwa kali ni nyembamba kama karatasi. Weka viwiko chini, shika pumzi, yumba taratibu mbele na nyuma kama mtu wa kwenye dhikri, piga jicho la mdudu linapokuwa kali. Piga kumi upate moja. Tundu funga f/11 hivi, na hapo giza litakuwa limeingia, kwa hiyo unahitaji flashi. Flashi tupu inamfanya mende aonekane kama sufuria iliyosuguliwa. Mimi nakata kipande cha sponji jeupe la kufungashia vyombo, nakifunga kwa raba bendi mbele ya flashi. Nimetumia vifaa vya dukani pia, hilo sponji linavishinda.

Mama Zai

Na sisi wa simu tuondoke? Mimi nina kale kalenzi ka kubana kwenye simu, nilinunua kwa machinga. Asubuhi kabla ya kumwagilia mchicha nazunguka matuta. Nimempata nyigu anabeba kiwavi, nimempata buibui wa njano kwenye ua la boga amejificha anamsubiri nyuki. Sijawahi kutoka nje ya Mbagala kwa ajili ya picha. Shida yangu ni moja: lazima usogee hadi karibu kumbusu, na kivuli cha kichwa chako kinafika kabla yako.

Fundi Saa

Mama Zai, jua liwe ubavuni, si mgongoni. Na sogea ukiwa umechuchumaa tangu mbali. Panzi anajali zaidi kitu kinachoinuka ghafla juu yake kuliko kinachotambaa.

Mzee wa Korogwe

Nimesoma kwa raha. Nina mambo mawili, ya mtu aliyeunguza vifaa.

La kwanza ni ukungu wa lenzi. Amani ni unyevu mwaka mzima. Nilirudi kutoka kule nikaitia kamera kwenye begi likiwa bado na koti la mvua, nikasahau wiki tatu. Nilipofungua, ndani ya kioo kulikuwa na utandu kama mizizi ya nyasi. Fundi alinitajia bei nikamshukuru nikaondoka. Siku hizi nina dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani naweka vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya. Wanaolala kwenye vyumba vya kiyoyozi pia wajihadhari, ukitoka nayo nje ghafla kwenye joto la pwani kioo kinatoa jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ndipo utoe.

La pili ni watu. Mwalimu hujatuambia kama waliokuona umelala kifudifudi kwenye majani walikuuliza unatafuta nini.

Mwl Kiwavi

Mzee umenikumbusha! Siku ya tatu, pembeni mwa shamba la chai, nimelala chini nampiga yule jongoo. Nikasikia miguu. Mababa watatu wamesimama. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetaka kuingia kwenye dili: "Umeona alama?" Sikuelewa. Mwongozaji akaangua kicheko. Walidhani natafuta mali ya Mjerumani, ile inayosemwa ilifukiwa ardhini.

Mzee wa Korogwe

Ndiyo hiyo hiyo. Mimi walinifuata kutwa nzima, na jioni mmoja akanishauri tugawane nusu kwa nusu. Dawa yake ni kuanza na salamu kwa mwenyekiti wa kitongoji, unamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Wakishaona ni panzi kweli, wanakuhurumia. Na watoto watakuletea panzi wengine hadi uchoke. Ndani ya hifadhi ni habari nyingine, hapo unalipa kiingilio getini na kuchukua mwongozaji, usijifanye mjanja.

Mgiriama wa Gede

Salamu kutoka upande huu wa mpaka, Kenya. Mwalimu, kama bado una hamu ya huyo chozi wa tumbo jeupe, yuko kwetu pia, msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu wetu ni tambarare na haufiki urefu wa huo wa Amani, kwa hiyo shingo itakushukuru. Waongozaji wa hapa wanajua pia anapolala mchana yule bundi mdogo wa Sokoke. Ni bundi wa kimo cha kiganja tu, sentimita 16 hivi. Makao yake makuu duniani ni msitu huu na vilima vya chini vya hiyo Usambara yenu. Ukimtazama mchana utadhani ni jani kavu. Nimeshawahi kuonyeshwa kwa kidole mita tano mbele yangu na bado sikumwona.

Na kwa wapenda vipepeo, hapa Gede tangu 1993 kuna mradi wa Kipepeo, wanakijiji wanafuga viwavi na kuwauza wakishajifunga ganda, kabla hawajawa vipepeo, wanapelekwa kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Ukifika asubuhi unaweza kumpata kipepeo ndio kwanza anatoka, mbawa bado zimekunjana kama nguo iliyotoka kwenye ndoo. Hapo hakimbii, anasubiri zikauke.

Ila nakusihi jambo moja. Msije na simu ya kucheza milio. Kuna wageni wanamwita ndege kwa spika kutwa nzima, na yule dume anadhani ana adui kwenye eneo lake, anaacha kula anakuja kupigana na kichaka.

kipanga77

Nimechelewa, lakini nimerudi mara tatu kwenye picha 4 na haijanikaa vizuri.

Kinyonga usiku amelala. Ukimmulika anaonekana amepauka, karibu mweupe, ndiyo maana tochi humpata kirahisi kuliko macho ya mchana. Mkia ameukunja. Huyu wako ni mweusimweusi, mdomo wazi, mwili ameubapisha. Na hilo ua jekundu ni la kupandwa uani, sijawahi kuliona ndani ya msitu. Mwalimu, kinyonga ulimtoa wapi?

Bwana Lenzi

Ah, polisi wa vinyonga wamefika.

Mwl Kiwavi

Hapana, swali lake ni la haki, ngoja nijibu.

Tulimkuta kwenye jani la mti pembeni mwa njia, kimo cha bega. Amepauka kama ulivyosema, amelala. Nikapiga mbili, nyuma kulikuwa na fujo ya vijiti. Mwongozaji hakusema kitu. Mimi ndiye niliyevunja kile kijiti, nikambeba hadi nyumba ya wageni, nikamweka kwenye ua la pale nje. Aliamka njiani. Nilipoona amekuwa mweusi na amefungua mdomo nilifurahi, nikasema sasa anatoa pozi. Nikampiga kama dakika ishirini na flashi. Halafu nikamwacha pale pale kwenye lile ua.

Asubuhi hakuwepo. Sikujua kama alipanda au aliliwa. Hili sikuliandika mwanzo kwa sababu nilijua haliandikiki vizuri.

kipanga77

Asante kwa kusema. Siyo pozi, ni hasira na hofu. Kinyonga akibadilika hivyo anakuambia ondoka.

Na naomba tusichukulie poa. Kabla serikali haijasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, vinyonga wa milima hii walikuwa wakikusanywa na kupelekwa ng'ambo kufugwa majumbani. Wapo ambao makazi yao ni milima miwili mitatu tu. Ukimhamisha mita mia tatu hadi kwenye uwanja wenye kuku na paka, yeye hana mbio za kurudi.

Bwana Lenzi

Kipanga, watu wanavuna mkaa milimani, wewe unamhesabia mwalimu kinyonga mmoja? Nusu ya picha mnazozisifu kwenye mashindano zimepangwa hivyo hivyo. Wengine wanawatia wadudu kwenye friji ili wasitembee.

Fundi Saa

Hilo la friji ni kweli wanalifanya, na picha zake nazitambua: miguu imelegea, mdudu amesimama kama kasukumwa. Mimi siwezi. Saa kumi na mbili asubuhi ni friji ya Mungu, tena ni bure.

Mama Zai

Nyie! Huku kwetu kinyonga akionekana watoto wanaokota mawe. Bibi yangu alikuwa akimwona anatema mate chini na kugeuza njia. Mimi mwenyewe hadi leo simgusi. Leo nawasikia watu wazima wanamgombea haki zake, nimefurahi kwa kweli.

BintiPangani

Bwana Lenzi, mkaa ni mkaa. Hapa tunazungumzia picha. Mimi nashika kanuni nyepesi: kama mnyama kaacha alichokuwa akifanya kwa sababu yangu, nimeshapiga picha yangu mwenyewe, siyo yake. Mwalimu, zile mbili za kwanza bado unazo? Zile zenye fujo ya vijiti?

Mwl Kiwavi

Ninazo. Nimeziweka hapo chini. Haziko kali sana, kajani kamemfunika pembe moja.

BintiPangani

Hii ya pili! Mkia umekunjwa kama chapati za maji zilizoviringishwa. Macho yamefumba. Kwa nini ulitupa hii ukaleta ile?

kipanga77

Naunga mkono. Hii ndiyo ya kuweka kwenye kioo cha simu. Na jambo la mwisho kabla sijaonekana mkorofi: ukipakia kokote, zima alama ya mahali kwenye picha. Simu nyingi huandika hadi mti gani. Wale wa iNaturalist, mtandao wa kuweka kumbukumbu za viumbe, wana utaratibu wa kuvuruga mahali pa viumbe walio hatarini, lakini kwenye makundi ya simu hakuna anayevuruga chochote.

mpitanjia

Mimi nilikuja kuuliza chozi ni nini, sasa niko kwenye duka la mtandaoni natafuta kalenzi ka kubana. Nyie watu si wazuri.

Mwl Kiwavi

Nimebadilisha picha 4 kule juu, ile ya ua nimeiondoa. Waliokwisha kuipakua sina la kuwafanya.

Halafu kuna habari nyingine, mtacheka. Juzi nimerudi nyumbani, mke wangu ananionyesha kwenye kamba ya kuanikia nguo kitu kinaning'inia kama uchafu: nyasi kavu, majani, utando wa buibui. Nikataka kukitoa. Nikaona mdomo uliopinda umechungulia kitundu cha pembeni. Chozi. Tumbo njano, yule yule niliyempandia mlima.

BintiPangani

😂 Picha basi!

Mwl Kiwavi

Hakuna picha. Kutoka dirisha la jikoni namwona vizuri na 300 inafika, lakini dirisha lina wavu, na nikifungua anaruka. Nikimtisha akaacha mayai mtanisulubu humu, hasa yule wa 77. Nasubiri makinda yaruke.

mpitanjia

Na nguo?

Mwl Kiwavi

Tunaanika kwa jirani. Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi.